Mashine Katika Kabati la Wavu

Kwa miaka mingi nilipanda ngazi za jumba lile kwa ncha za vidole, viatu mkononi, nisisikike nikipita mlango wa Bi Ruzuna. Mtu mzima mimi, nina wajukuu, lakini nikifika ghorofa ya kwanza moyo ulinienda mbio kama wa msichana aliyevunja chombo cha watu. Ndiyo maana siku niliyopigiwa simu kwamba Bi Ruzuna amefariki, kabla hata sijasema Inna lillahi, kitu cha kwanza kilichonipata kilikuwa unafuu, na unafuu huo ukanitia aibu mpaka nikakaa chini. Mwezi uliopita tumemsomea arobaini palepale kwake, nyumba ileile yenye mapazia ya kijani. Nilikaa jikoni na wanawake wenzangu tunachambua mchele, macho yangu yakiwa kwenye dirisha linaloelekea ngazini. Nje ya dirisha hilo, ukutani, bado ipo misumari iliyoshika waya wetu. Waya wenyewe uliondolewa zamani. Nikiitazama misumari ile ungo uliinama, mchele ukamwagika kidogo, na Saumu aliyekaa kando yangu akaniambia, "Zuhura, mpaka leo unaogopa tu." Nilidhani ananitania.

Ya kwetu, nani alinizaa na nani alinilea, nayaacha, hayana kazi hapa. Nataka kuusema mwaka mmoja tu, wakati biashara ilipokwisha kuwa huria na Kariakoo imejaa vitu vya Dubai hadi barabarani, na kila mtu kawa mfanyabiashara, hata anayeuza vibanio vya nywele. Mimi nilikuwa napiga video za harusi, lakini upande wa wanawake tu. Kwa asiyejua mambo yetu, bibi harusi hufanyiwa singo: husuguliwa mwili kwa liwa na manukato, kisha wanawake wa upande wake hufunga milango, ngoma ikapigwa, naye akacheza kichwa wazi na kanga zake mbele ya mama yake, somo yake aliyemfunda na mashoga zake. Mwanamume hapiti hata barazani, na upande wa mume hawaji, hata wanawake wao. Mkanda wa shughuli hiyo tuliuita kanda ya ndani, na sharti lake lilikuwa moja: isiguswe na mkono wa mwanamume, tangu kamera hadi picha kukatwa, kuungwa na kutiwa majina. Studio zote za Kariakoo zilikuwa za wanaume. Hapo ndipo nilipopata riziki yangu, na hapohapo nikapata woga wangu, maana mama wa bibi harusi akishakukabidhi kanda anakushika kiganja, anakutazama machoni, halafu anakwambia taratibu, "Mwanangu, nimekupa nguo ya ndani ya binti yangu." Wewe utalala?

Aliyekuwa akinikatia kanda hizo ni Hansa, msichana wa Kigujarati tuliyejuana kwenye chuo cha kompyuta cha uchochoroni. Mimi niliacha, yeye akaendelea. Aliishi na bibi yake ghorofa ya tatu ya jumba hilihili, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na bibi huyo sote tulimwita Ba. Ba alizaliwa Unguja na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Nikifika mlangoni, "Shikamoo Ba," naye, "Marahaba, vua viatu, nawa mikono. Ulipita Feri wewe?" Pua yake ilijua samaki hata kama nimemla juzi. Nikishanawa ndipo nasogezewa sahani: dengu, chapati nyembamba zilizopakwa samli, na pembeni achari ya ndimu iliyokuwa ikinitoa machozi. Nilikula pale mwaka mzima, nyama sikuionja kwao hata siku moja, na mpaka leo nikisikia harufu ya mvuje ikikaangwa naona ile mashine.

Mashine ilizaliwa kwa sababu ya ukungu. Dar hii, weka kanda ya video kabatini, masika moja tu unaikuta imeota kuvu nyeupe, ukiitia kwenye deki inakula picha na kukata utepe. Akina mama wenyewe hawakutaka kukaa na kanda zao. "Kaa nayo wewe," wananiambia, "hapa kwangu wapo mashemeji, watafungua." Kwa hiyo kanda za ndani zikajaa kwangu chini ya kitanda, nami nikawa silali sawasawa, juu ya aibu za mji mzima. Hansa ndiye aliyesema tuzihamishie kwenye diski za kompyuta, tuwe na mahali pamoja pa kuhifadhi na kuchezea. Fedha za kununua kompyuta mpya hatukuwa nazo, tukawa tunaokoteza. Tulizunguka vichochoro vya Kariakoo kwenye marundo ya kompyuta za mtumba, Hansa mbele na bisibisi yake, mimi nyuma nimeshika kapu. Muuzaji mmoja nilimwuliza diski yake nzima au mgonjwa. "Dada, hii imetoka ofisi ya Wazungu," akaniambia, "imepigwa kiyoyozi maisha yake yote." Nikamwuliza, ikifa je? "Ikifa ni amri ya Mungu, na hapa hunikuti." Tukanunua. Sanduku la mashine halikuwa na ubavu mmoja, feni yake ilikuwa ya mashine nyingine, imefungwa kwa waya wa kubania magunia.

Tukaiweka wapi? Nyumba ya Ba ilikuwa na panya na joto. Hansa akaangaza macho jikoni, akaliona kabati la wavu, lile la kuhifadhia chakula, ambalo hewa inapita na panya hapiti. Ba akapiga kelele kidogo, kisha akahamisha sufuria zake. Juu zikabaki chupa za achari, chini ikakaa mashine, inanguruma na vitaa vyake, na mlango wa wavu umefungwa kwa kijiti. Sikukuu yao ilipofika na Ba anabariki vitu vya kazi, akaitia na mashine tone jekundu na shada la maua ya manjano. Mimi nilikaa mbali. Umeme wa wazi vile ulikuwa unanitisha, na Hansa alikuwa akiingiza mkono humo ndani huku inawaka, anatafuna karanga.

Diski zilikuwa mbili. Ile kubwa tulichangiwa na majirani. Hansa aliwaambia, nisaidieni kuinunua, nami nitawaletea filamu hadi sebuleni kwenu. Picha ikitoka kwenye mashine ilipita kwenye deki kuukuu, ikaingia kwenye waya wa antena, waya ukatoka dirisha la jikoni kwa Ba, ukashuka ukutani hadi ghorofa ya kwanza penye masanduku ya mita, na hapo ukagawanyika kwenda kila nyumba. Jumba zima linaona kinachochezwa na kabati la Ba. Ile diski ndogo ilikuwa ya kanda za ndani, na Hansa aliniapia kwa kichwa cha bibi yake kwamba haina njia ya kufika kwenye waya. Kisha Ba naye akataka bhajan zake za asubuhi, nyimbo zao za dini, bila yeye kugusa kitu, na umeme ulikuwa unakatika kila mara. Hansa akaipangia mashine: umeme ukirudi iwake yenyewe, ianze na bhajan za Ba, ikimaliza iingie kwenye filamu. Majirani wakalalamika kwamba wanarudishiwa filamu zilezile. Akaipangia tena: baada ya bhajan, icheze kwanza kilichoingizwa mwisho. Kila mtu akafurahi. Mimi nikasikia maelezo hayo kwa sikio moja, nakula chapati.

Mlalamikaji mkubwa wa filamu alikuwa Bi Ruzuna wa ghorofa ya kwanza. Mwanamke mrefu, mzito, sauti yake inafika ghorofa ya tatu bila kupandishwa. "Ninyi wasichana," anasema akiwa kasimama mlangoni na mwiko, "huyu kijana wa Kihindi kafa mbele yangu mara ngapi wiki hii?" Nilimwogopa kabla ya kuwa na sababu ya kumwogopa. Watu wake walikuwa watu wa dini, wenye heshima zao pale Kariakoo, na kila Ijumaa wanaume wa ukoo walikuja kwake kula baada ya sala. Ukutani kwake hapakuwa na picha ya mwanamke hata mmoja. Nilishasikia, kwa masikio yangu, wanawake wakinong'ona kwenye shughuli kwamba mmoja wa wanaume hao alimwacha mke kwa sababu ya picha iliyopigwa ufukweni, na mke mwenyewe alikuwa kajitanda. Picha moja, katoka na sanduku lake.

Mwaka huohuo Saumu akaolewa na mtoto wa kaka yake Bi Ruzuna. Saumu tulikuwa tumesoma naye madrasa, mpole, hajui kugombana, na sote tulishangaa siku ya singo ngoma ilipomwingia. Alicheza jamani. Alianza kwa haya, kaficha uso, somo yake akamvuta kanga ya kichwani, naye akaiacha ianguke. Nilikuwa nyuma ya kamera nalia na kucheka. Mama yake akanikabidhi kanda kwa maneno yaleyale ya nguo ya ndani, akaongeza, "Na unajua anakokwenda ni kwa watu gani." Najua, nikamwambia. Nikaipeleka kwa Hansa siku ileile, nikaiona inaingia kwenye diski ndogo, nikapumua.

Saumu hajamaliza hata fungate yake, diski ndogo ikaanza kugonga. Tk, tk, kimya, tk. Ilikuwa Alhamisi alasiri, Hansa kainama ndani ya kabati kaweka sikio kama mkunga. "Inakufa," akasema. Kanda za mama za watu zilikuwa humo, na nyingine mikanda yake ya asili ilishaliwa na ukungu. Nikamwomba, nikamshika mkono, ziokoe Hansa, fanya lolote. Akafanya la pekee lililowezekana: akasimamisha filamu na kuzihamishia zote kwenye ile diski kubwa, kwa muda, hadi tununue nyingine. Ilichukua hadi Ijumaa asubuhi. Ya mwisho kuingia ilikuwa ya Saumu. Diski ndogo ikagonga mara ya mwisho na kunyamaza. Sisi tukavaa viatu mbio kwenda Kariakoo kutafuta diski nyingine. Mashine tuliiacha inawaka, imetulia, haichezi kitu. Ba tulimwacha anakanda unga.

Tulikuwa kwenye duka la kichochoroni, Hansa anabishana na muuzaji, taa zikazimika. Hakuna aliyeshtuka, umeme kukatika ilikuwa kawaida ya kila siku. Nje majenereta yakaanza moja baada ya jingine, duka hili, duka lile, mpaka mtaa mzima ukawa unanguruma na kunuka dizeli. Hansa alikuwa ameshika diski juu juani anaisoma. Akaiteremsha polepole.

"Zuhura," akasema, "umeme ukirudi itawaka yenyewe."

"Si itacheza bhajan za Ba."

"Na baada ya bhajan?"

Ndipo chapati zile zote nilizokula nikisikiliza kwa sikio moja ziliponirudi. Kilichoingizwa mwisho. Saumu kichwa wazi, kwenye kila sebule ya jumba lile, Ijumaa, saa ya wanaume kutoka msikitini. Nikamuuliza kama Ba yupo aizime. Hansa akasema Ijumaa Ba huenda hekaluni, na akishafunga mlango funguo anaifunga kwenye pindo la sari yake. Funguo yake mwenyewe Hansa aliisahau ndani.

Tukaanza kukimbia. Sijawahi kukimbia vile, baibui nimelikunja kwapani, naparamia mafungu ya nyanya na mabeseni ya watu wanaonitukania mama. Kila niliyempita analalamika: umeme hawa, lini watarudisha, samaki wangu wataoza. Mimi peke yangu ndani ya Dar es Salaam nzima nilikuwa naomba usirudi. Niliomba kwa sauti. Ya Rabi, uwaache gizani, leo tu, uwaache. Maadamu majenereta yananguruma tulikuwa salama, kwa hiyo nilikuwa nakimbia nimetega masikio. Tulipokuwa tunakaribia kuvuka kuingia Mnazi Mmoja nikalisikia moja nyuma yetu likikohoa na kuzima. Nikajidanganya kwamba limeishiwa mafuta. Kisha likazima jingine. Kisha yakazima yote, upande huu na upande ule, na watu wakapiga makofi.

Jumba lilikuwa limejaa bhajan. Tuliisikia tangu mlangoni kwa chini, kinanda na matoazi madogo, ikitoka nyumba zote kwa pamoja, maana kila mtu televisheni yake ilikuwa wazi, akingoja filamu irudi, umeme ulipokatika. Tukapanda. Nikapita ghorofa ya kwanza, mlango wa Bi Ruzuna upo nusu wazi, harufu ya biriani, vikombe vinagongana. Watu hadi leo nikiwasimulia, wale wachache niliowasimulia, wananiuliza kwa nini hatukukata waya hapohapo tulipopita kando yake, au juu pale ulipotokea dirishani. Sikufikiri waya. Nilifikiri mlango. Tukafika juu tukaupiga mabega mlango wa Ba, wa mbao za mkoloni, haukutikisika. Hansa akachungulia dirisha la jikoni, lina nondo. Kupitia nondo hizo tuliliona kabati la wavu na vitaa vyake, linafanya kazi yake bila wasiwasi. Chini nikasikia sauti za wanaume zinaingia jumbani, kikohozi cha mtu mzima, "Assalaam alaykum," viatu vinapanda.

Bhajan ikaisha. Kukawa kimya kidogo, halafu vigelegele vikapasuka kutoka kila mlango. Ngoma ikafuata. Na katikati ya ngoma nikaisikia sauti yangu mwenyewe, kubwa, imetawanyika kwenye ngazi zote: "Saumu, tazama huku, mwanangu, tazama huku." Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilifikiri mambo ya ajabu, nilifikiri nitahamia Tanga, nilifikiri nitamwambiaje mama yake. Nikamwona Saumu anatoka na sanduku.

Kisha pakawa kimya. Kimya kweli, ghafla, katikati ya kigelegele. Televisheni zote zilikuwa zinatoa mvumo ule wa chaneli isiyo na kitu. Hansa akachungulia tena kwenye nondo. "Inacheza bado," akaninong'oneza. "Kwenye kioo chake inacheza. Haiendi kokote." Tulikaa pale kama waliopigwa mpaka Ba alipopanda, polepole, anapumzika kila ghorofa, akafungua pindo la sari, akatutazama. "Mmefiwa?" akauliza. Hansa akampita akaenda kung'oa plagi ukutani. Walipokwisha kutulia watu na chakula, tukashuka kuangalia. Waya ulikuwa unaning'inia pale kwenye masanduku ya mita, umekatwa juu kidogo ya mgawanyiko. Jioni ile jumba zima lilisema ni panya, na mume wa Bi Ruzuna akatandaza sumu ya panya kwenye kila ngazi hadi paka wa jirani akafungiwa ndani wiki nzima. Hansa alinionyesha ncha ya waya kwenye kiganja chake. "Panya hatafuni hivi," akasema. Ilikuwa imekatwa mara moja, imenyooka. Kisu.

Hapo ndipo hofu yenyewe ilipoanza. Mbio zile za sokoni zilikuwa mchezo. Aliyekata ameona. Ni nani? Kama ni mwanamume, Saumu kaisha. Kama ni mwanamke wa ukoo ule, anangoja siku ya kusema, na siku hiyo Saumu kaisha. Kila simu iliyolia kwa jirani nilijua ni mama yake Saumu. Kila nikimwona Saumu mwenyewe sokoni na kapu lake, ananichekea na kunikumbatia, nilimtazama usoni nitafute kama kalia. Nilikonda. Hansa alinunua diski, akaipangia mashine upya, akaweka kanda za ndani kwenye sanduku lisilo na waya wa aina yoyote, lakini mimi sikutulia. Na katika watu wote niliowashuku, niliyemshuku zaidi ni yule ambaye mlango wake ulikuwa karibu na mita. Nikianza kupanda na kusikia mwiko wake, nilirudi chini nikangoja barabarani.

Mara moja alinikamata. Nilikuwa nashuka, akafungua mlango kana kwamba alikuwa amesimama nyuma yake. "Zuhura. Ingia." Shikamoo yangu haikutoka vizuri. Akanikalisha jikoni, kwenye kigoda hikihiki nilichokalia siku ya arobaini, akanipakulia biriani sahani nzima, akasimama ananitazama nikila. Nilikuwa nameza bila kutafuna. Mezani kulikuwa na ubao wa kukatia na kisu, vitunguu nusu.

"Ile mashine yenu bado inafanya kazi?"

"Inafanya, Bi mkubwa."

"Na ule waya mmeuunga?"

"Tumeuunga."

"Na vile vitu vyenu vya... vile mnavyoviweka humo. Vipo vyote? Havikuharibika?"

Nikasema vipo, havitazamwi na mtu, haki ya Mungu, hakuna anayevitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. "Haya," akasema. "Kula." Nikaomba niondoke na sahani ile ya bati, nikala iliyobaki kwenye ngazi. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa: huyu ndiye, na ananitisha.

Mwaka ukaisha hivyohivyo, hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake. Hansa akaolewa ng'ambo, Ba akafuatwa, kabati la wavu wakaniachia, nami nikaendelea kupanda jumba lile kwa wateja wangu wa ghorofa za juu. Kanda zile nimezihamisha kutoka diski hadi diski kadiri dunia ilivyobadilika, na sasa zote zimo ndani ya kidude kinachotosha kwenye kiganja. Natembea nacho mkobani, kimefungwa kwenye leso. Nyumbani siwezi kukiacha.

Sasa nirudi jikoni, siku ya arobaini, Saumu na mimi na ungo wa mchele. Wanaume walikuwa wanamalizia dua sebuleni. Alipoona nimemwaga mchele akasogea karibu, amenenepa sasa, ana sauti ya kina mama.

"Ule waya alikata Shangazi Ruzuna," akasema.

Niliokota punje za mchele sakafuni.

"Aliniambia mwenyewe nilipomzaa huyu mkubwa. Alikuwa hapahapa anakata kachumbari, akasikia vigelegele, akachungulia sebuleni akaniona mimi. Wanaume wako ngazini wanapanda. Angezima yake tu, lakini akafikiria nyumba nyingine. Akatoka na kisu. Wakamkuta amesimama kwenye mita, akawaambia panya, panya." Alicheka hadi akajifuta macho kwa ushungi. "Mume wake akaenda kununua sumu."

"Mbona hakuniambia?" nikauliza. "Saumu, mimi nimemkimbia mwanamke yule maisha yangu yote."

"Angekwambiaje? Kanda ya ndani ya upande wetu, yeye wa upande wa mume, aseme ameiona? Alikuwa anakungoja wewe ulianzishe. Aliniambia, kiuno unacho, mwanangu, lakini nilikata kabla hujageuka." Akapepeta ungo kidogo. "Alitaka kuona mpaka mwisho, masikini. Kila alipokuona anataka kukuomba, na kila akikuita unakimbia. Mimi nilidhani kanda ilikufa na ile diski, hukuwahi kuitaja tena."

Nilimwona amesimama hapo mbele ya kigoda, kafungua mdomo, kaufunga. Vipo vyote? Havikuharibika? Nikaona na sahani yangu ya bati nikitoka nayo mbio. Nililia. Siku ya msiba yenyewe sikulia, nililia siku ile, kwa kwikwi, mpaka wanawake waliokuwa chumbani wakaja kunishika wakisema kumbe alikuwa anampenda hivi.

Tulingoja wageni wakaondoka na wanaume wakaenda Alasiri. Walibaki wanawake wachache, wa pande zote mbili, wazee sasa. Nikafungua mkoba, nikafungua leso. Mmoja akauliza kama inafaa, mahali palipofiwa, na Saumu akamwambia arobaini imeshasomwa, hili ni deni la Shangazi. Akafunga mlango kwa komeo, akavuta mapazia ya kijani, akaketi chini mbele ya televisheni ya marehemu. Nikachomeka kidude changu. Akaniuliza nitaanzia wapi. Nikaipeleka mbele mpaka katikati ya kile kigelegele, pale kisu kilipokatia, nikaiachia.